Betri ya gari inayolala: chaja niliyochagua na namna nilivyoipima

Kuna asubuhi moja ndiyo ilinifanya nianze kuhangaika na hizi chaja, ngoja nianzie hapo. Tulipata msiba upande wa mama, kijiji cha ndani kule Sengerema, tukapanga tutoke Bwiru, hapa Mwanza, saa kumi na moja alfajiri. Gari ya safari ilikuwa Prado ya kaka. Kaka anafanya kazi melini, akiondoka ni miezi minne, mitano, gari anaiacha kwa mama chini ya banda la mabati, funguo anabaki nazo mama. Basi mama ameshajifunga khanga, mashangazi wawili wameshakaa siti ya nyuma na vikapu vyao, mdogo wangu anazungusha funguo, inalia tk-tk-tk-tk, taa za dashibodi zinafifia, kimya. Majirani wakatoka kusukuma, watu wana moyo kwa kweli, ikabidi niwaambie jamani acheni, hii ni oto, oto haiwaki kwa kusukuma. Waya za kubusti tulizipata saa mbili asubuhi. Daraja la Kigongo–Busisi lilishafunguliwa kwa hiyo hakuna cha foleni ya kivuko, tulipita moja kwa moja, na bado tulifika jeneza limeshafungwa na watu wanaelekea makaburini. Mama hakumuaga mjomba wake. Hakumlaumu mtu. Mimi iliniuma sana maana kaka aliniachia mimi hiyo gari niiangalie, na mi nilikuwa najua kuiangalia ni kuifuta vumbi na kuiwasha Jumamosi dakika kumi.

Tuliporudi nikaibeba betri mpaka Nyakato kwa fundi wangu wa umeme wa magari, mzee mmoja mtaratibu sana. Mwangaluka mzee, mwangaluka kijana, akaweka mita: 10.4. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika masaa kadhaa inatakiwa isome 12.6 mpaka 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na kuanzia hapo kushuka ni hatari. Akaichaji siku nzima ikapanda mpaka 12.5, nikafurahi, akaweka kile kipimo cha mzigo, sindano ikaporomoka hapo hapo. Akaniambia, "Betri hii haijazeeka kijana wangu, imekufa njaa."

Nilimuuliza njaa kivipi, akanieleza vizuri na baadaye nikasoma mwenyewe nikakuta ni kweli. Ndani ya betri kuna sahani za risasi zimezama kwenye asidi. Betri ikitoa umeme, sahani zinafunikwa na salfeti ya risasi. Ukiichaji mapema ile salfeti inarudi ilikotoka, hakuna shida. Ukiiacha hivyo hivyo wiki baada ya wiki inaganda, inakuwa fuwele ngumu ambazo chaja haizirudishi tena, na kila sehemu ya sahani iliyofunikwa ni sehemu uliyoipoteza. Ndiyo maana betri iliyokaa tupu miezi miwili ukiichaji inakudanganya imejaa halafu ukipiga stata mara mbili imekwisha. Ile betri ilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu.

Sasa nani alikuwa anaila wakati gari imezimwa? Hapa ndipo nilipojifunza kupima. Unachomoa teminali ya hasi, unaweka mita katikati ya teminali na waya wake, upande wa ampia, unafunga milango, unasubiri kama nusu saa hivi mpaka kompyuta za gari zilale, halafu unasoma. Usiwashe gari mita ikiwa pale, utaunguza fyuzi ya mita. Prado ya kaka ilisoma miliampia 70. Nikachomoa fyuzi ya treka, kile kifaa cha kuonyesha kwenye simu gari iko wapi, ikashuka mpaka 30 na kitu. Miliampia 70 unaziona ni ndogo, lakini mara masaa 24 ni karibu ampia-saa 1.7 kwa siku, na betri yake ni N70, yaani ikijaa inabeba kama ampia-saa 70, kwa hiyo wiki tatu tu nusu imeshaondoka. Bado hujaweka ile inayopotea yenyewe ndani ya betri hata kama hujafunga chochote, na hiyo inategemea joto, kila nyuzi 10 zikiongezeka upotevu unakaribia mara mbili. Wenzetu wa Ulaya na Marekani gari inalala kipindi cha baridi, maelekezo yao mengi ni ya kuzuia betri isigande. Huku kwetu hakuna baridi ya hivyo, mchana ni nyuzi 27, 28 mwaka mzima, na chini ya mabati saa nane mchana hata mkono juu ya boneti huweki.

Na ile ya kuwasha Jumamosi dakika kumi, naomba tuiache. Wiki nzima gari imekula karibu ampia-saa 12, wewe unakuja kuiwasha ikiwa sailensa, altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, inazunguka polepole, betri nayo haipokei haraka, unarudisha mbili au tatu, unazima. Kila wiki unazidi kubaki na deni. Zaidi ya hapo injini haijapata moto wa kutosha, ule unyevu unabaki kwenye oili na kwenye ekzosi. Kama ni kuiwasha basi itoke, iende Usagara irudi, lisaa lizima.

Kuna wanaosema chomoa teminali ya hasi tu, yanini chaja. Kwa gari ya zamani ni kweli kabisa, Hilux ya marehemu baba nilikuwa naichomoa. Ila kwenye hizi gari zetu kutoka Japani ukichomoa, redio nyingi za Toyota zikirudishiwa umeme zinadai namba ya siri ambayo hakuna aliyekupa, unaanza kutafuta watu wa kuifungua. Treka nayo inakufa, na kaka anataka akiwa huko baharini afungue simu aone gari yake iko Bwiru. Kwa hiyo ikabidi chaja.

Ila sio chaja yoyote, na hapa niwe mkweli kwa kosa nililofanya mwenyewe. Niliazima chaja kubwa ya gereji, ile ya chuma yenye mshale, inayonguruma, nikaifunga kwenye Hilux ya baba Ijumaa jioni nikasema mpaka Jumapili itakuwa imejaa vizuri. Jumapili nafungua boneti nakutana na harufu ya mayai viza, betri ya moto huwezi kushika, vifuniko vimelowa, maji ndani yamechemka mpaka sahani zinaonekana, na asidi imetiririka kwenye kibati cha kukalia betri imekula rangi. Rangi ile baba aliipaka mwenyewe. Na kibaya zaidi ule mvuke una hidrojeni, cheche moja tu ingetosha kulipua betri usoni. Chaja ya namna ile haijui kuacha, inasukuma tu. Ni ya fundi ambaye amekaa pembeni anaiangalia.

Chaja ya kutunza ni kitu kingine. Inachaji kwanza mpaka volti 14.4 hivi, betri ikijaa yenyewe inashuka inabaki kuishikilia kwenye 13.2 mpaka 13.8, inaipa kiasi kile kile kinachopotea, miezi hata sita. Nyingine zinazima kabisa, betri ikishuka mpaka 12.7 au hapo karibu zinaanza tena. Zote mbili ni sawa. Kinachokuua ni ile iliyoandikwa kwenye boksi kwamba ni ya akili halafu sio. Mjini zimejaa, nyingine zina skrini nzuri na neno la kutengeneza betri, na muuzaji anakuhakikishia. Usibishane naye. Nenda nayo nyumbani, chaji mpaka iseme imejaa, acha usiku kucha, asubuhi weka mita kwenye teminali chaja ikiwa bado imefungwa. Ukikuta bado iko 14.5 na zaidi, hiyo sio ya kutunza, hiyo ni ndugu yake na ile ya kunguruma, tofauti ni rangi ya plastiki. Mi nilirudisha mbili kwa kipimo hiki, kwa hiyo kabla ya kulipa kubaliana na muuzaji kabisa kuhusu kurudisha.

Halafu kuna hili ambalo kwa mazingira yetu nalipa uzito kuliko ampia, kuliko jina, kuliko bei: umeme ukikatika ukarudi, chaja inafanya nini? Wanaoandika huko nje hawaligusi sana maana kwao sio jambo la kila wiki. Zipo chaja nyingi tu ambazo unabonyeza kitufe kuchagua aina ya betri ndipo zinaanza. Umeme ukikatika zinasahau. Ukirudi zinakaa na taa moja inawaka zinakusubiri ubonyeze tena. Wewe uko Ukerewe kikazi, mama anaona taa inawaka anakuambia iko sawa, kumbe haichaji kitu, na mbaya zaidi baadhi zikiwa zimekaa hivyo zenyewe zinanyonya kidogo kutoka kwenye betri. Unaweza kukuta betri imekufa ikiwa imefungwa chaja, na hiyo ndiyo inauma kuliko zote. Kipimo chake ni cha dakika mbili na unaweza kukifanya dukani: ifunge kwenye betri, chagua, iache ianze, zima swichi ya ukutani, hesabu mpaka thelathini, washa. Ikiendelea yenyewe kuchaji, ongea bei. Ikisubiri kidole chako, mrudishie. Mimi wauzaji watatu niliwaomba nifanye hivyo, wawili walikubali, mmoja alikataa, nikashukuru nikaondoka.

Tukiwa hapo hapo kwenye umeme, chaja yangu inapita kwenye friji gadi, ile ile tunayowekea friji. Umeme ukirudi kwa nguvu ile dakika ya kwanza, gadi inasubiri kwanza ndio inaruhusu.

Jingine angalia maandishi madogo mgongoni. Shemeji yangu alituletea chaja nzuri sana kutoka Marekani, zawadi, imefungwa vizuri, na mgongoni imeandikwa 120V. Sisi tuna 230. Mdogo wangu akaitafutia adapta ya plagi akaichomeka, ikatoa mlio mdogo kama kijiti kimevunjika, na harufu, basi. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, haibadilishi umeme. Kama imeandikwa 100–240V haina neno, kama ni 220–240V ndiyo ya kwetu, ikiwa 120 peke yake mwambie ndugu yako asiibebe.

Majina yenye sifa kwenye kazi hii ni CTEK ya Uswidi, NOCO ya Marekani ambayo ina matoleo ya umeme wa kwetu, na OptiMate ya Ubelgiji. Sio rahisi kuzipata Mwanza, mara nyingi ni kuagizia Dar au mtu anayekuja na ndege. Kwa Prado nilichukua CTEK ya ampia 5, wenyewe wameandika inachaji betri mpaka ampia-saa 110 na kutunza mpaka 160, na ile ya kuzima swichi ukutani ilipita. Nilikaa na hiyo bei nikaifikiria wiki nzima, ni karibu sawa na betri mpya. Ila kaka ameshaua betri mbili kwa miaka mitatu, nikampigia hesabu akatuma hela siku hiyo hiyo.

Ampia ngapi? Kama betri haijashuka na unataka kuitunza tu, hata ampia 1 inatosha kwa IST, inashinda ile inayopotea bila tabu. Tano ni kwa sababu betri ya Prado ni kubwa na nikitaka niijaze usiku mmoja nijaze. Pikipiki ni kinyume, betri yake ni ampia-saa 5 mpaka 9 hivi, usiiwekee zaidi ya ampia 1, ukiipeleka kwenye chaja ya kumi pale barabarani inarudi imevimba. Wenye betri za AGM, zile zilizozibwa ambazo asidi imenyonywa kwenye mkeka ndani, hakikisheni chaja ina sehemu ya AGM. Wenye lithiamu, hiyo ni dunia nyingine, nunua chaja iliyoandikwa lithiamu na usiiwekee kabisa chaja ile ya kupiga mapigo ya kuondoa salfeti. Na wenye Prius, kwenye nyingi ile betri ndogo ya volti 12 iko nyuma kwenye buti, nayo inakufa gari ikilala, tena ikifa hata buti linagoma kufunguka mpaka uingilie ndani.

Suala la joto nililiona dogo, sio dogo. Betri ikiwa ya moto inahitaji volti pungufu kidogo, kama volti 0.2 chini kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Chini ya mabati, chaja isiyojua joto inaichemsha betri kidogo kidogo kila mchana mpaka maji yaishe. Zipo chaja zenye kipimo cha joto ndani yake, kama yako haina, basi betri yenye vifuniko fungua uangalie kila mwezi, ongeza maji ya betri, yale safi, sio asidi, na sio ya bomba. Nilichofanya mimi ni kutundika turubai juu ya boneti upande wa magharibi, jua la jioni lisipige. Chaja nayo iwe imefungwa isiingie maji wala vumbi, IP65 au karibu na hapo. Tunaokaa karibu na ziwa mnajua, usiku wale wadudu wa ziwani wakija kwenye taa ya banda, asubuhi kila kitu chini yake kina tabaka la wadudu waliokufa. Chaja yenye matundu na feni ndani itawameza wote.

Hilux ya baba ina habari yake tofauti kwa sababu sasa iko shambani Misungwi, umeme hamna. Kule niliweka paneli ya sola ya wati 20 juu ya banda na kontrola ndogo. Kontrola sio ya hiari, paneli ya volti 12 ikiwa juani bila kitu inatoa volti 18 mpaka 22, ukiifunga moja kwa moja na kuiacha miezi utapika betri. Funga betri kwenye kontrola kwanza, paneli ndio ya mwisho. Kwa gari isiyo na treka wala alamu hata wati 5 zingetosha, niliweka 20 kwa sababu ya siku za masika, na kwa sababu vumbi likikaa juu ya paneli hakuna wa kuifuta. Hizi sola ndogo za kuchomeka kwenye sehemu ya kuwashia sigara msizinunue kwa Toyota zetu kabla ya kuangalia, gari nyingi ile sehemu inakufa ukizima funguo, unaweka paneli kwenye dashibodi miezi mitatu haijachaji chochote.

Namna ya kufunga: usitumie vile vibanio kwa gari ya kulala, panya anapita, mtu anafungua boneti, kimoja kinachomoka hujui. Chaja nzuri zinakuja na waya wenye pete mbili na fyuzi, unakaza pete kwenye teminali moja kwa moja, unatoa kichwa cha waya mbele kwenye grili, ukitaka gari unachomoa pale pale bila kufungua boneti. Kabla ya kukaza safisha teminali, ule unga mweupe na kijani, mi namwagia maji ya moto, nasugua na brashi ya waya, nakausha, halafu grisi kidogo juu. Anza chanya, halafu hasi, umeme wa ukutani mwisho kabisa. Na kama betri imeshuka sana chaja inagoma kuanza usidhani ni mbovu, nyingi zikikuta volti chache mno zinaona hakuna betri, mpelekee fundi aiamshe kwanza. Kuhusu luku msiogope, ikishajaza inakula wati chache tu, hata tukisema 5 muda wote haifiki uniti 4 kwa mwezi.

Nimemwekea mama karatasi ukutani pale kwenye swichi, kijani maana yake nini, njano maana yake nini, ikiwa nyekundu anipigie. Amechukua hiyo kazi kuliko nilivyotegemea. Akitoka kulisha kuku anapita bandani, umeme ukikatika anaangalia tena ukirudi, na nikiwa Nansio ananipigia saa moja asubuhi kabla ya salamu anasema kijani. Wiki iliyopita nilipita kupima, nimeichomoa chaja jioni nikaiacha ipumzike mpaka asubuhi: 12.7. Mwezi wa tano huu tangu kaka aondoke. Mama alikuwa amesimama pembeni na kopo la mtama anaangalia mita, akaniuliza hiyo ndiyo yenyewe? Nikamwambia ndiyo yenyewe mama, akapanda siti ya mbele akaniambia washa basi twende Sengerema, sijaliona kaburi la mjomba tangu siku ile.